Kwa nini fundi anaikataa amplifaya yangu ya gitaa?

Swali: Fundi, nina amplifaya ya gitaa ya valvu, kombo (amplifaya na spika katika kabati moja) ya wati 40, spika moja ya inchi 12, chaneli mbili, na nyuma ina jeki za kuunganishia pedali katikati ya saketi. Nina shida mbili. Ikishapigwa kama nusu saa sauti hukwaruza, mara nyingine hupotea kisha hurudi yenyewe. Halafu chaneli ya sauti chafu ina makali mno. Nilitaka yapunguzwe, na iwekwe volyumu kuu ili niweze kuipiga taratibu nyumbani. Fundi wa kwanza aliifungua, akaitazama, akaifunga. Wa pili akasema hii ni ya kutumia mpaka ife. Lakini amplifaya ya mwenzangu wa bendi, ya miaka ya 1960, hao hao wanaitengeneza kila mara bila manung'uniko. Je, ni uvivu, au kweli kuna amplifaya zisizotengenezeka?

Jibu: Ndugu yangu, hawajakuonea. Yule aliyeifungua, akaitazama na kuifunga amekutendea haki kuliko ambaye angeshika chuma cha kulehemu kwanza na kufikiri baadaye. Saketi iliyomo ndani ya amplifaya yako anaielewa fundi yeyote wa valvu; kinachomsumbua ni njia ya kuifikia. Kifaa hicho kimeundwa ili kiunganishwe mara moja kiwandani, na hakuna aliyepanga namna ya kurudi ndani yake.

Tuanze na ile ya mwenzako ili tofauti ionekane. Amplifaya nyingi za miaka hiyo zilijengwa kwa mkono juu ya kibao kigumu chenye safu mbili za vituo vya chuma. Fender walitumia vitundu vya chuma vilivyobanwa kwenye ubao mweusi wa nyuzi, Marshall wakatumia vijiti vinavyosimama. Rezista na kapasita (vipande vya kupunguza na kuhifadhi umeme) zimelazwa kati ya safu hizo kama ngazi. Kutoka hapo waya zinakwenda kwenye soketi za valvu na kwenye potenshomita (rezista za kuzungusha za kurekebishia sauti), ambazo zenyewe zimefungwa kwa skrubu na nati kwenye chesisi ya chuma. Ukitoa chesisi kwenye kabati na kuipindua, kila kipande unakiona na kila kiungo unakifikia kutoka juu. Kubadilisha rezista ya kilo-ohm 100 ni kazi ya dakika tano: joto kwenye kituo, mguu unatoka, mwingine unaingia. Kesho ukibadili mawazo unarudia, na kituo hakidhuriki.

Yako imejengwa juu ya bodi. Njia za umeme ni utando wa shaba wenye unene wa kawaida wa maikromita 35, takriban nusu ya unywele, uliogandishwa kwa gundi kwenye kipande cha nyuzi za kioo. Vipande vyote vimesimama upande mmoja, viungo vya lehemu viko upande wa pili, na upande huo wa pili umelala kwenye chesisi. Huuoni wala huugusi mpaka bodi nzima itoke. Na bodi haitoki kirahisi, kwa sababu potenshomita na jeki zimelehemiwa juu yake moja kwa moja, shingo zao zikapitishwa kwenye matundu ya paneli na kukazwa kwa nati upande wa nje. Kwa hiyo ni potenshomita zinazoishika bodi mahali pake.

Hebu tuifuate kazi ya kuitoa. Kwanza umeme wa kapasita kubwa umwagwe, maana zinaweza kubaki na volti 400 hata baada ya plagi kuchomolewa: rezista ya kilo-ohm 10 ya wati 5, waya zake zimefunikwa vizuri, inashikishwa kati ya upande chanya wa kapasita na chesisi kwa nusu dakika, kisha mita inathibitisha kuwa zimebaki chini ya volti 10. Halafu picha zinapigwa na kila waya unawekewa alama. Vifundo vya kuzungushia potenshomita, kumi au kumi na viwili, vinavutwa, kila kimoja wima, kwani ukikiinamisha unavunja shina la plastiki la potenshomita. Zinafuata nati zake, kisha nati za jeki, ambazo mara nyingi ni za plastiki na hesi zake hupasuka. Waya za transfoma zinachomolewa. Soketi za valvu ziko kwenye bodi ndogo ya pembeni, na bodi hiyo imeunganishwa na kubwa kwa kebo bapa zenye waya mmoja mgumu ndani. Waya wa namna hiyo unavumilia kukunjwa mara chache tu, kisha unakatika pale pale unapoingia kwenye lehemu, ndani ya plastiki, usipoonekana kwa jicho. Fundi mzoefu anaiinua bodi kama anayebeba sinia la mayai.

Kazi hiyo peke yake inakula saa moja na nusu hadi mbili, na bado hakuna kilichotengenezwa. Kibaya zaidi, bodi ikiwa nje huwezi kuipima ikiwa inafanya kazi, kwa sababu mara nyingi athi yake inapita kwenye zile zile skrubu na nati ulizozifungua. Tatizo lako linajitokeza baada ya nusu saa ya joto. Maana yake ni kwamba fundi atoe bodi, alehemu anachokishuku, arudishe kila kitu, awashe, asubiri nusu saa. Kama alikosea, aanze upya. Mafundi hukimbia makosa ya kuja na kuondoka yaliyomo ndani ya bodi za aina hii, na hapo ndipo bei ya saa zao inapopita thamani ya kifaa chenyewe.

Tuseme bodi imetoka na rezista moja inatakiwa kubadilishwa. Ikiwa bodi ina shaba pande zote mbili, kila tundu limepakwa shaba ndani, na kile kibomba chembamba ndicho kinachounganisha njia ya juu na ya chini. Fundi anapasha kiungo, ananyonya lehemu kwa pampu, na pembeni ya mguu unabaki utando mwembamba wa lehemu ulioung'ang'ania ukuta wa tundu. Akivuta kabla utando huo haujayeyuka, mguu unatoka na kibomba chake, na njia ya juu inapoteza mawasiliano na ya chini. Akizidisha joto ili uyeyuke, gundi inayoshika shaba inalegea, kwani bodi ya kawaida ya nyuzi za kioo huanza kulainika kwenye nyuzi 130 hadi 140 za Selsiasi ilhali ncha ya chuma cha kulehemu iko kwenye 350. Kile kiduara cha shaba kinabanduka kama ganda la kidonda, na mara hii hakuna cha kulehemia tena isipokuwa kuvuta waya mwembamba hadi kiungo kinachofuata.

Lehemu yenyewe nayo imebadilika. Sheria ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2006 ilizuia madini ya risasi katika vifaa vingi vya elektroniki, na viwanda vingi vikahamia lehemu ya bati, fedha na shaba. Lehemu ya zamani yenye risasi huyeyuka kwenye nyuzi 183. Mchanganyiko mpya unaotumika sana unahitaji 217 na zaidi. Zile nyuzi 34 ndizo zinazobandua shaba. Dawa yake ni kuongeza kwanza lehemu ya zamani na flaksi (dawa ya kusaidia lehemu kushika) kwenye kiungo, ichanganyike na kushusha kiwango cha kuyeyuka, ndipo unyonye. Dawa nyingine, ambayo ninaipenda zaidi, ni kutoichomoa miguu kabisa: katakata mwili wa rezista kutoka juu, acha vipande vya miguu vimesimama, na uilehemu rezista mpya juu yake. Haipendezi macho, lakini haigusi upande wa chini. Ila usiifanye kwa kapasita kubwa nzito, maana mtikisiko wa spika utaing'oa.

Sasa tuje kwenye joto, kwa sababu nadhani ndilo linalokusumbua. Valvu za nguvu zikiwa kwenye bodi, uzito wake wote, msukumo wa kuzichomeka na kuzichomoa, na joto lake vinabebwa na vile viungo vinane vya lehemu vya kila soketi. Katika kombo valvu huning'inia kichwa chini, joto linapanda moja kwa moja hadi kwenye bodi, na spika iko chini yake inatikisa. Bodi inatanuka ikiwashwa na kusinyaa ikizimwa, mara maelfu. Mwisho wake kiungo kinapata ufa wa mviringo kuzunguka mguu, mwembamba kiasi kwamba unauona kwa kioo cha kukuzia tu. Kikiwa baridi kinagusa, kikipata moto kinaachia.

Kuna mahali pengine pa kuangalia. Amplifaya za chaneli mbili zinahitaji volti ndogo, kama 15 au 16, kwa ajili ya rilei (swichi za umeme zinazobadili chaneli) na chipu, na watengenezaji wengi wanazipata kwa kupitisha volti kubwa zaidi kwenye rezista nene nyeupe za wati 5 hadi kwenye dayodi ya Zener, inayoishikilia volti isipande. Rezista ya ohm 470 inayoshusha volti 30 inatoa karibu wati 2 za joto muda wote. Ikiwa imelazwa ikigusa bodi, baada ya miaka michache bodi inageuka kahawia na viungo vyake vinakauka. Rilei zikikosa umeme, chaneli zinaruka na sauti inapotea. Ukarabati wake ni kuinua rezista mpya milimita 5 hadi 10 juu ya bodi ili hewa ipite.

Kahawia ikiendelea hadi nyeusi, jambo linakuwa zito. Makaa yanapitisha umeme. Valvu ya nguvu ikishoti na kuunguza rezista iliyo karibu na soketi, doa jeusi linalobaki kwenye bodi ni njia mpya ya umeme isiyo kwenye mchoro wowote. Kulifuta kwa spiriti hakusaidii; linakwanguliwa kwa kisu au drili ndogo mpaka zionekane nyuzi safi, tundu linajazwa epoksi, na muunganiko unahamishiwa kwenye waya. Mvujo mdogo tu unatosha kuharibu. Tuseme kati ya njia ya volti 400 na gridi ya valvu ya nguvu, yaani mlango wake wa kuingizia sauti, kuna mvujo wa mega-ohm 20, kitu ambacho mita nyingi zitakuonyesha kama hakuna mguso. Mkondo wake ni maikroampea 20. Ukipita kwenye rezista ya gridi ya kilo-ohm 220 unaongeza volti 4.4 chanya. Valvu iliyowekewa bayasi (volti ya kudhibiti mkondo wake) ya volti hasi 40 sasa ina hasi 35.6, mkondo wake unapanda, inapata moto zaidi, na sahani yake inaanza kuwa nyekundu. Fundi atabadilisha valvu, atarekebisha bayasi, na baada ya mwezi utarudi naye. Amplifaya za zamani hazijasalimika kwa hili: ule ubao mweusi wa nyuzi hunyonya unyevu na kuvuja vivyo hivyo, ila pale unaweza kuinua kiungo kimoja hewani na kuumaliza ubishi.

Bodi si dhambi yenyewe. Bodi nzuri, nene, yenye potenshomita zilizofungwa kwenye chesisi na kuunganishwa kwa waya, soketi za valvu kwenye chuma, na viunganishi vinavyochomoka, inahudumika vizuri, na inarudia sauti ile ile katika kila amplifaya inayotoka. Tena kuna za kuundwa kwa mkono zisizogusika: Alexander Dumble, fundi wa Marekani aliyefariki mwaka 2022, alijulikana kwa kumwagia epoksi sehemu za saketi zake ili zisinakiliwe, na chini ya epoksi huwezi kusoma thamani wala kubadilisha kitu bila kukibomoa. Swali la kuuliza daima ni moja: mkono unafika?

Upo pia mkumbo wa amplifaya ambazo mkono ukifika hauna cha kufanya. Za kidijitali zinageuza sauti ya gitaa kuwa namba, na makali, besi na uchafu wa sauti vyote vinapigiwa hesabu na programu. Hakuna kapasita ya kubadilisha ili kupunguza makali, kwa kuwa makali hayamo kwenye bodi. Vipande vilivyomo ni vidogo mno. Rezista ya kawaida ina urefu wa milimita 1.6 na upana wa 0.8, na chipu kuu mara nyingi imekaa juu ya vijipira vya lehemu vilivyofichwa chini ya tumbo lake. Ikifa, tiba ni bodi nzima kutoka kwa mtengenezaji, ikiwa bado anayo.

Pauasaplai zake za kisasa, yaani sehemu za kugeuza umeme wa ukutani, nazo zina hatari yake. Umeme wa ukutani wa volti 230 unageuzwa moja kwa moja kuwa kama volti 325 za mkondo mnyoofu bila transfoma ya kuutenganisha kwanza na mikono yako, na klipu ya athi ya osiloskopu ikigusa upande huo ni mlipuko. Zikiungua haziungui kipande kimoja: transista inashoti, inakwenda na chipu inayoiendesha, rezista ndogo ya kupima mkondo, dayodi na fyuzi. Ukiacha kimoja kibovu, vipya vyote vinakufa papo hapo. Za transista za zamani ni afadhali, ila zile zinazotumia moduli moja nene ya nguvu, kama za jamii ya STK, zinategemea upatikanaji wa moduli hiyo, na sokoni bandia ni nyingi. Kabla ya kuwasha chochote cha nguvu baada ya ukarabati, taa ya nyuzi ya wati 60 hadi 100 iunganishwe mfululizo na umeme. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, shoti bado ipo.

Twende kwenye uliyoyataka. Volyumu kuu ya kweli inawekwa baada ya valvu inayogawa wimbi, ambapo rezista mbili za gridi za valvu za nguvu zinatolewa na mahali pake panawekwa potenshomita pacha ya kilo-ohm 250. Kwenye amplifaya ya mwenzako ni kazi ya saa moja. Kwenye yako inabidi kukata njia mbili za shaba, kutoboa paneli mahali pasipo na nafasi, na kuvuta waya ndefu zenye mawimbi makubwa karibu na hatua za mwanzo za kukuza sauti, waya ambazo zinaweza kuifanya amplifaya ipige mluzi au ikae ikitetema kwa masafa usiyoyasikia huku valvu zinachemka. Halafu potenshomita hiyo ikipoteza mguso, valvu inapoteza bayasi. Anayeiweka lazima aongeze rezista ya mega-ohm 2.2 kutoka kila gridi hadi kwenye bayasi kama kinga. Ukimwona fundi anaiweka bila hizo, mzuie.

Huhitaji yote hayo, kwa sababu tayari una jeki za pedali. Tengeneza kiboksi cha chuma chenye jeki mbili na potenshomita moja ya kilo-ohm 100 ya aina ya sauti, yaani ile inayopanda taratibu mwanzoni. Jeki ya kwanza inakwenda mguu mmoja wa pembeni wa potenshomita, jeki ya pili kwenye mguu wa katikati, na mguu wa pembeni uliobaki kwenye athi pamoja na athi za jeki zote mbili. Kebo itoke kwenye jeki ya kutolea hadi jeki ya kwanza, nyingine itoke jeki ya pili hadi jeki ya kurudishia. Sasa unaweza kupandisha uchafu wa sauti mbele na kushusha sauti nyuma, na hakuna skrubu iliyofunguliwa. Kama amplifaya yako inachanganya sauti ya pedali na sauti ya moja kwa moja kwa wakati mmoja, kiboksi hakitaizima kabisa. Weka mchanganyiko wote upande wa pedali kama kuna kifundo chake.

Makali anza nayo kwenye valvu. Zima, chomoa plagi, acha zipoe, ubadilishe valvu ya kwanza ya 12AX7, ambayo kipimo chake cha ukuzaji ni 100, kwa 5751 yenye 70 au 12AT7 yenye 60. Inaingia soketi ile ile, na chaneli chafu inatulia kwa kiasi unachokisikia mara moja. Ikibaki kali, kuna badiliko moja ninalolikubali hata kwenye bodi: kapasita ya pikofaradi 500 hadi 1000, ya kuhimili volti 500, ikilehemiwa sambamba na rezista ya kilo-ohm 100 ya anodi (ile sahani ya valvu) ya hatua moja ya chaneli hiyo. Kama miguu ya rezista inaonekana kwa juu walau milimita 2, inalehemiwa hapo hapo bila bodi kutoka. Chesisi itatoka kwenye kabati, na kapasita kubwa zitamwagwa kwanza kama nilivyoeleza, lakini vifundo na nati vinabaki mahali pake. Ukiichoka unaikata. Spika nayo inabadili makali kuliko watu wanavyodhani, mradi ohm zilingane na amplifaya, na usiiwashe kamwe amplifaya ya valvu bila spika.

Kama unawaza kuweka valvu za nguvu za aina nyingine, achana na wazo hilo. Ukitoka kwenye jozi ya 6L6 kwenda EL34, kila moja inadai ampea 1.5 za kupashia nyuzi badala ya 0.9. Hiyo ni ampea 1.2 zaidi kwa transfoma ambayo hukuambiwa ina akiba gani, na miunganiko ya miguu kwenye soketi haifanani kikamilifu. Kwenye bodi, kuirekebisha ni kukata shaba.

Na huo mkwaruzo, kabla ya kumpelekea mtu, fanya vipimo vitatu amplifaya ikiwa imeshapata moto na kosa limeanza. Cha kwanza, chomeka kebo fupi kutoka jeki ya kutolea hadi ya kurudishia. Sauti ikitulia, umepata: ndani ya jeki ya kurudishia kuna ulimi wa chuma unaopitisha sauti wakati hakuna plagi, nao umeshika kutu. Nyunyizia dawa ya kusafishia miguso, ile ya elektroniki, chomeka na kuchomoa plagi mara ishirini. Makosa mengi ya sauti kupotea kwenye amplifaya zenye jeki hizo huishia hapa, bila bodi kuguswa. Cha pili, gonga kila valvu ndogo taratibu kwa ncha ya penseli ya mbao. Inayolia au kukwaruza kwa sauti kuliko wenzake badilisha kwanza, na mkwaruzo ule ule ukiendelea na valvu mpya, mtuhumiwa ni soketi. Cha tatu, chomeka gitaa moja kwa moja kwenye jeki ya kurudishia. Sauti itakuwa ndogo, hilo ni kawaida. Ikikwaruza hapo pia, kosa liko sehemu ya nguvu. Ikiwa safi, liko mbele, kwenye hatua za mwanzo au rilei.

Kama vipimo vyote vitatu vitaelekeza ndani ya bodi, mrudie fundi wa kwanza na majibu hayo, mchoro wa saketi uliouchapisha, na kanyagio cha kubadilishia chaneli. Mkubaliane kwamba bodi itatoka mara moja tu. Katika safari hiyo alehemu upya soketi zote za valvu na kila jeki, ainue rezista nyeupe za wati 5, na apime rezista za skrini za valvu za nguvu. Kapasita kubwa za kuchuja, zikiwa zimepita miaka kumi na tano hivi, abadilishe zote siku hiyo hiyo, maana kazi kubwa imeshalipwa kwenye zile nati na vifundo.